Uzoefu wangu na DVD za K9: roboti hana kosa, mwenye kosa ni muuzaji

Kama unaishi Kenya au Tanzania na muuzaji wa Uingereza akakwambia kwamba DVD zake za Doctor Who, ule mchezo wa televisheni wa Uingereza wa Daktari anayesafiri katika wakati na anga, "zitacheza popote", usimpe hata senti moja. Naandika nikiwa bado na hasira, na sioni dalili ya hasira hiyo kupoa leo.

Nilichonunua ni kasha la hadithi tatu za msimu wa 18, zile zinazotokea E-Space, ulimwengu mdogo ulio nje ya huu wetu, lililotolewa Uingereza mwaka 2009. Idadi ya dakika na aina ya sauti utazisoma nyuma ya kasha, mimi sizigusi. Nililitaka kwa ajili ya hadithi ya mwisho, Warriors' Gate, maana ndimo K9 anamoagana na Daktari. Mjomba wangu alikuwa baharia, na katika safari zake alituletea mikanda ya video ya mchezo huu. Tuliitazama mpaka picha zikaanza kutetemeka. Lakini mkanda wa kuagana hakuuleta, na mjomba ameshatangulia mbele ya haki. Miaka yote nilijua tu kwa kusikia kwamba mbwa yule wa chuma alibaki huko, na sikuwahi kuona alivyobaki.

Kwa asiyemjua, K9 ni kompyuta yenye umbo la mbwa. Masikio yake ni vidungu viwili vinavyozunguka, mkia wake ni antena, shingoni ana ukosi wa kitambaa cha mirabaraba ya Kiskoti, na puani mwake hutoka bunduki ya miale. Akitaka kutoa taarifa, karatasi humtoka mdomoni. Alianza kuonekana mwaka 1977, kazi ya waandishi wawili, Bob Baker na Dave Martin, na alikusudiwa hadithi moja tu. Waliokuwa wakiuendesha mchezo wakampenda, wakamweka.

Sasa sikilizeni nilivyotendwa.

Tangazo la duka lile la mtandaoni lilisema waziwazi: inacheza kwenye deki yoyote duniani. Nililipiga picha, ninayo mpaka leo. Nikalipa, mzigo ukachukua majuma kadhaa, nikalipia na ushuru posta. Nikafika nyumbani, nikafunga mlango wa sebule, nikawaambia watoto wakae kimya. Nikatia diski. Deki ikavuta, ikanguruma kidogo, skrini ikawa ya buluu tupu, na katikati yakatokea maandishi kwamba diski hii si ya eneo hili. Kisha deki ikaitema. Nikaifuta kwa kitambaa cha miwani, nikairudisha, ikatemwa tena. Diski ya pili, hivyo hivyo. Ya tatu, ile ya K9 kuagana, hivyo hivyo.

Sababu yake naijua. Katika miaka ya 1990, DVD zilipokuwa zinaanza, studio kubwa za filamu za Marekani zilitaka dunia igawanywe maeneo, ili filamu iuzwe huku kwa wakati wake na bei yake, na kule kwa nyingine. Marekani na Kanada wakapewa eneo la 1. Uingereza na Ulaya Magharibi wakawa la 2, pamoja na Japani, nchi za Ghuba, Misri na Afrika Kusini. Sisi wa Afrika Mashariki tukatupwa la 5, pamoja na India na Urusi. Maana yake ndugu yangu aliyeko Maskati anaweza kununua kasha lile lile, kwa pesa ile ile, akalicheza kwenye deki ya kawaida. Mimi niliye Mombasa deki yangu inakataa. Na mfumo wa picha ni ule ule wa PAL, wetu na wa Waingereza, kwa hiyo asije mtu akaniambia ni tatizo la kiufundi. Ni kufuli iliyowekwa kwa makusudi.

Hata hivyo, kufuli nilikuwa tayari kuivumilia. Nilimwandikia muuzaji kwa adabu kabisa. Nilimsalimu, nikamweleza, nikamwambia tangazo lake limesema hivi na mambo yamekuwa vile, nikaomba anirudishie pesa nami nimrudishie mzigo. Jibu lilikuja usiku. Halikuwa na salamu. Aliniuliza kama sijui kusoma. Akasema DVD hizi hazikutengenezewa Afrika, na kwamba watu wa kwetu wananunua vitu wasivyovielewa kisha wanakuja kuomba pesa.

Kuomba pesa! Pesa ni zangu. Nimezitoa mfukoni mwangu, nikampa mtu ambaye tangazo lake mwenyewe lilisema uongo, halafu mimi ndiye niwe ombaomba? Nilimtumia picha ya tangazo. Akanyamaza. Siku chache baadaye nikaona tangazo limebadilishwa kimyakimya, maneno yale yameondolewa. Hapo ndipo nilipopandwa hasa, kwa sababu mtu anayefuta ushahidi anajua alichokifanya. Angeniambia tu, "samahani bwana, nilikosea kuandika", mambo yangekwisha, na pengine ningekaa na mzigo wangu bila neno.

Nikampelekea deki fundi mmoja wa Mwembe Tayari, kijana mtaratibu sana. Alinieleza kwamba deki nyingine zina menyu iliyofichwa, ukibonyeza namba fulani kwenye rimoti inafunguka na unaweza kubadilisha eneo. Akajaribu namba zote alizozijua, yangu haikufunguka. Hakunitoza kitu. Akasema, "Mzee, ningekuchukulia pesa kama ningekutatulia." Watu wawili wa biashara, angalieni tofauti yao.

Suluhisho lilitoka mahali ambapo sikupatazamia. Mpwa wangu ana PlayStation aliyoletewa na kaka yake kutoka Dubai. Dubai ni Ghuba, na Ghuba ni eneo la 2. Akasema, "Ami, lete tujaribu." Diski ikaingia, na bila hata kusitasita ule muziki ukaanza. Nilisimama, sikuweza kukaa.

Sasa hapa lazima nibadilishe maneno yangu, maana niliyoandika juu kabisa niliyaandika kwa hasira. Diski zenyewe ni nzuri mno. Mikanda ya mjomba ilikuwa na rangi zilizofifia na sauti kama imetiwa mtungini, na mimi nilikua nikidhani ndivyo mchezo ulivyotengenezwa. Kumbe ukosi wa K9 una rangi zake, kumbe taa zilizo mgongoni mwake kila moja inaonekana peke yake. Sauti ya John Leeson, aliyemsemea K9 katika msimu huu, inasikika mpaka ile haraka ya mwalimu mwenye kiburi kidogo anayejua kwamba jibu lake ni sahihi. Kuna pia maandishi unayoweza kuyawasha chini ya picha yakueleze jinsi kila tukio lilivyopigwa. Nilitazama bila maandishi, kisha nikarudia nayo.

Na ukijua jinsi lile boksi la K9 lilivyowatesa waliokuwa wakitengeneza mchezo utalipenda zaidi. Mitambo ya redio ya kumwongoza K9 ilikuwa ikivuruga kamera za studio, na kamera zikimvuruga yeye, akawa anakwenda kusikotakiwa. Kizingiti kidogo tu kilimshinda. Nje, kwenye majani na mawe, mara nyingine ilibidi avutwe kwa uzi. Leeson ameeleza kwamba wakati wa mazoezi, boksi likiwa halipo, yeye mwenyewe alikuwa akitambaa sakafuni kwa mikono na magoti ili waigizaji wapate wa kuzungumza naye. Mtu mzima, msomi wa uigizaji, anatambaa ili mbwa wa bati awe na uhai mbele ya Tom Baker, aliyekuwa akiigiza Daktari. Ukimwona Daktari akimwinamia K9 na kumjibu kwa hasira ya kweli, heshima ile inatoka huko.

Msimu huu wa 18 ni mchungu kwa anayempenda K9. Mtayarishaji mpya, John Nathan-Turner, hakumtaka, na unaliona hilo waziwazi. Hadithi ya kwanza ya msimu haijapamba moto, K9 keshaingia baharini kwenye ufuo wa Brighton na kulipuka. Katika Full Circle, hadithi ya kwanza ya kasha hili, anapigwa rungu kichwa kikang'oka. Habari kwamba anaondolewa zilipotoka, gazeti moja la Uingereza lilifanya kampeni ya kumwokoa. Haikusaidia, ingawa Desemba 1981 alipewa kipindi chake maalumu pamoja na Sarah Jane, msafiri mwenza wa zamani wa Daktari. Mimi sijamsamehe mtayarishaji yule kwa kichwa kile.

Halafu ikaja Warriors' Gate. Nitasema kidogo tu. K9 ameharibiwa na upepo wa wakati, kumbukumbu zake zimeungua, anarudia maneno, anasogea peke yake katika weupe usio na ukuta wala ardhi. Upande wa pili wa kioo anaweza kupona, lakini akivuka hawezi kurudi. Romana, mwanamke anayesafiri na Daktari, anaamua kubaki, na K9 anabaki naye. Hakuna aliyempigia kinanda wala kumlilia. Yote yanakwenda mbio, Daktari inambidi aondoke, na kwisha. Wengine wanalalamika kwamba kuagana huku ni kwa haraka mno. Mimi naona ni sawa, ndivyo watu wanavyoagana bandarini: mashine zinanguruma, mtu anataka kusema jambo, hapati nafasi. Mpwa wangu, ambaye amezoea michezo ya kisasa yenye picha za ajabu za kompyuta, aliuliza, "Ami, kwa hiyo harudi?" Nikamwambia atarudi, lakini si huyu. Alirudi kweli mwaka 2006, akisemewa na Leeson yule yule.

Kwa hiyo nasema nunueni? Nilipomaliza kutazama usiku ule nilitaka kuandika kwamba kila mtu anunue, hata kama ni kwa kukopa. Asubuhi nikakumbuka lile neno "kuomba pesa", na kifua kikabana upya. Nunueni, basi, lakini si DVD na si kwa mtu wa aina ile. Tafuteni Blu-ray, zile diski zilizokuja baada ya DVD. Msimu wote wa 18 ulitolewa upya kwa Blu-ray mwaka 2019, na katika Blu-ray dunia imegawanywa kwa namna nyingine: Uingereza na Afrika yote, pamoja na Mashariki ya Kati, tuko pamoja katika eneo B. Hakuna eneo la 5 tena. Nimeshaazima moja kwa jamaa yangu aliyetoka Uingereza, nikaitia kwenye PlayStation ile ile, ikakubali mara moja, na picha ni safi kuliko ya DVD. Tatizo ni bei, na deki za Blu-ray huku si rahisi kuzipata madukani. Ndiyo maana wengi bado tunanunua DVD, na ndiyo maana watu kama yule wanapata wa kumwonea.

Kama lazima iwe DVD, muulize muuzaji kwa maandishi ni eneo gani, na utunze jibu lake. Piga picha ya tangazo kabla hujalipa. Ukiwa na deki au PlayStation iliyonunuliwa Ghuba au Afrika Kusini, huna wasiwasi na diski za Uingereza. Ukiwa na deki iliyouzwa kwa soko letu, mpelekee fundi kwanza akwambie kama inafunguka, kisha ndipo ulipe.

Juzi yule muuzaji ameniandikia tena. Safari hii ameanza kwa salamu. Anasema atanirudishia nusu ya pesa nikiyaondoa maoni niliyoyaacha kwenye ukurasa wa duka lake. Kuhusu maneno aliyonitolea, hakugusia hata moja. Nusu yake sikuitaka na sikumjibu. Kasha ni langu, liko rafuni, mpwa wangu ameshaomba tuanze tena kutoka hadithi ya kwanza. Na maoni yale siyafuti.