PC ya gemu kwa milioni mbili: ipi ianze, ipi ifuate, ipi uiache dukani

Mwaka 2021 nilitoka Kariakoo na kompyuta ya laki tisa, nimeipakata kwenye bajaji kama mtoto, dirisha la kioo, feni nne zinawaka rangi zote, nimeambiwa ndani kuna prosesa ya Core i7 na kadi ya grafiksi (ile inayochora picha za gemu) ya GTX 1050 Ti. Nikafika nyumbani nikashusha GPU-Z, programu inayosoma kadi yako ni ipi hasa, ikaandika FAKE kwenye jina la kadi. Kumbe ni kadi ya Nvidia ya zamani sana, ya kwenye 2010 huko, wameichezea bayosi (programu ya ndani ya kadi) ijitaje kwa jina la kadi mpya, na ile i7 nayo ilikuwa 2600, prosesa ya 2011. Ile hela niliikusanya miezi minane. Sasa kila nikisikia dogo kakusanya vihela vyake anaenda kununua PC ya gemu roho inanidunda, ndo maana nakaa nayaandika haya.

Kabla sijazipanga, shika kitu kimoja. Ukiambiwa "hii i5" au "hii i7" hujaambiwa chochote, uliza namba zinazofuata. i5-8500 ni kizazi cha 8, i7-2600 ni cha 2, na hiyo i5 inaiacha mbali hiyo i7. Windows 10 iliachwa kupewa masasisho ya bure tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa Intel inaanzia kizazi cha 8, chini ya hapo utaingiza kwa ujanja ujanja na gemu kama Valorant itakugomea kwa sababu kwenye Windows 11 inataka TPM 2.0 na Secure Boot, vitu vya usalama vilivyomo kwenye kompyuta mpya. Kwahiyo kizazi cha 3 na cha 4 hata uuziwe kwa bei ya kutupa usichukue kwa kazi hii.

Namba moja kwangu, kama una milioni mbili kwa ajili ya boksi peke yake bila monita, ni kujenga mwenyewe na Ryzen 5 5600 juu ya madabodi (bodi kuu inayobeba kila kitu) ya B550 (hata B450 sawa), RAM 16GB za DDR4 vijiti viwili vya 8, diski ya kasi, SSD ya NVMe, ya 500GB au 1TB, na kadi ya RX 6600 ya 8GB, hata mtumba. Kwanini hii? Kadi inakula wati 132 tu, haina joto la kutisha, na kwenye 1080p (picha ya Full HD) inacheza karibu kila kitu kwenye mipangilio ya kati au ya juu bila kuganda. Prosesa ina kori 6 na nyuzi 12, haiibani kadi. Halafu RAM yake ni DDR4, aina iliyotangulia DDR5, na hili sasa hivi lina maana kubwa maana toka mwishoni mwa 2025 RAM zimepanda bei dunia nzima, viwanda vinapeleka chipu kwenye maseva ya AI, kwahiyo kukimbilia DDR5 na soketi mpya ya prosesa ya AM5 kwa bajeti hii utajikuta umemaliza hela kwenye madabodi na RAM, ukifika kwenye kadi mfuko mtupu. Na kadi ndo inacheza gemu. Iachie theluthi nzima ya bajeti, hata ikizidi kidogo sio mbaya.

Ukikuta RTX 3060 ya 12GB mtumba kwa bei inayokaribiana chukua hiyo, inakula wati 170, na kama unafanya na Blender au kuedit video itakufaa zaidi ya RX 6600. RTX 4060 ni nzuri sana na inakula wati 115 tu ila ikiwa mpya itakuvuta nje ya bajeti.

Angalizo la B450: nyingi zilitoka kabla ya Ryzen za 5000, bayosi ya bodi ikiwa ya zamani PC haiwaki kabisa utadhani imekufa. Mwambie muuzaji aiwashe na prosesa yako ndani, palepale. Na 5600 isiyo na G haina grafiksi zake, bila kadi hupati picha, sawa na Intel zenye F mwishoni kama i5-12400F (ambayo nayo ni mbadala mzuri tu wa hapa, ukiipata na bodi yake kwa bei poa usisite).

Namba mbili ni hizi za ofisi zinazokuja mtumba, Dell OptiPlex, HP EliteDesk, zimetolewa maofisini Ulaya na kwingine. Watu wanazidharau ila mimi naziheshimu sana, chuma kizito, hazifi ovyo. Tafuta yenye i5-8500 kwenda juu. Shida yake ni pawa saplai, nyingi zina wati 250 hivi na hazina waya wa umeme wa kadi, tena Dell wanatumia pini zao wenyewe sio zile 24 za kawaida kwahiyo huwezi kubadilisha kiwepesi bila adapta. Sasa soketi ya kadi yenyewe inatoa wati 75 tu, ndo maana kadi zako hapa ni mbili: GTX 1650 isiyo na kichwa cha waya (zipo zenye nacho, angalia) au RTX 3050 ya 6GB inayokula wati 70. Chukua ile ya umbo kubwa la kusimama, ile nyembamba inataka kadi fupi maalum na hizo zinaadimika na bei juu. Na usishawishike na RX 6400 humu, imepewa njia 4 tu za PCIe (ndo data inapopita kati ya kadi na bodi) na mashine hizi ni PCIe 3.0, toleo la zamani, inapoteza nguvu. Kama unacheza eFootball, GTA V, Valorant, hii inakutosha na chenji inabaki ya monita.

Namba tatu, Ryzen 5 5600G bila kadi kabisa. Inafaa kama hela imegawanyika, leo unayo laki nane au tisa na nyingine utaipata baadaye, unaanza na grafiksi za ndani unacheza gemu nyepesi kwenye mipangilio ya chini, ukishajipanga unachomeka kadi. Ila RAM lazima vijiti viwili, kimoja kinakata nguvu ya grafiksi vibaya sana maana zinatumia RAM hiyohiyo.

Laptop ya gemu naiweka ya nne na ni kwa mwanachuo anayehama hama tu. Joto la Dar linaziumiza, na kadi ikifa ndani ya laptop umekwenda na mashine nzima.

Za kuacha dukani: RX 580 iliyoandikwa 2048SP, hiyo nguvu yake ni RX 570 iliyobadilishwa jina, na nyingi zilifanya kazi ya kuchimba Ethereum, sarafu ya mtandaoni, usiku na mchana mpaka uchimbaji ulipofungwa Septemba 2022. GT 730 sio kadi ya gemu, hata kama ina 4GB. Na PC yoyote ambayo muuzaji anakusifia taa kabla hajakutajia prosesa.

Sasa umeme. Hapa nawaomba msibane hela. Pawa saplai isiyo na jina, imeandikwa wati 600 lakini ukiinyanyua nyepesi kama boksi tupu, ikilipuka inaondoka na kadi na bodi. Chukua ya wati 550 yenye 80 Plus Bronze (alama ya kutopoteza umeme), Corsair, Cooler Master au Seasonic, mpya sio mtumba. Weka na UPS (betri ya akiba) ya 650VA walau, sio ya kuchezea gemu umeme ukikatika, ni ya kukupa dakika chache uzime vizuri. Matumizi yasikutishe, mashine ya namba moja ukicheza inavuta kama wati 250, yaani masaa manne ndo yuniti moja ya LUKU.

Kesi, yaani boksi la nje, chukua yenye wavu mbele, sio kioo. Vumbi letu na joto letu vinataka hewa ipite, na kila miezi mitatu ipulize.

Monita la ofisi la mtumba la inchi 24 la 1080p linatosha, ila angalia matundu: RX 6600 haina VGA, ina HDMI na DisplayPort, na wengi wamenunua wakafika nyumbani wakakwama hapo.

Siku ya kununua nenda na flashi yenye GPU-Z na FurMark, programu ya kuikamua kadi mpaka mwisho. Angalia jina la kadi, halafu iendeshe FurMark dakika ishirini, sikiliza feni, angalia joto, angalia kama kuna madoa kwenye kioo cha monita. Muuzaji akisema umeme hamna au hana muda, mshukuru, hela yako ibaki mfukoni, ingia duka linalofuata.