Msaidizi wa kisheria au wakili wa ofisi ndogo?

Baba amefariki, kaacha nyumba Mbagala, Dar es Salaam, na ndugu wameanza kununiana. Uende kwa nani?

Msaidizi wa kisheria, anayetambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, hakutozi kitu. Atakuelekeza: cheti cha kifo, muhtasari wa kikao cha ukoo, kisha, mara nyingi, Mahakama ya Mwanzo kufungua mirathi. Kwa familia inayoelewana, hapo panatosha kabisa. Ila haruhusiwi kukuwakilisha mahakamani.

Wakili wa kujitegemea, yule mwenye meza moja na muhuri juu ya duka la vifaa vya ujenzi, analipwa. Naye ana kodi ya pango. Watu wanamwogopa bure. Baadhi ya mawakili hawa hukubali bei ya kazi moja moja, kwa mfano kuandika pingamizi tu, tena ukalipa kidogo kidogo. Muulize hilo kabla hajafungua faili, na udai risiti. Shemeji akishauza nyumba kwa mkataba wa magumashi, mimi ningekwenda kwa wakili huyo moja kwa moja, hata kwa kukopa kwenye kikoba.