Jakarta Faces kwa fomulere za biro: iko na nguvu, lakini inanyamaza sana

Hapa Lubumbashi ukitengenezea ajansi ya transit ao depo ya simenti programu ya Java, kazi yote iko mu fomulere: plake ya kamyo, uzito, mali gani, dola ao franga. Mi natumikisha Jakarta Faces, ile tulizoea kuita JSF, vyombo vya Java vya kutengeneza kurasa na fomulere za web, na PrimeFaces juu yake, maktaba ya vipande vya tayari, kwa biro moja yenye inapitisha kamyo ku Kasumbalesa, mupaka na Zambia, na hapa nasema gisi naiona mu kazi ya kila siku, haiko gisi banaisifu mu mafundisho. Kama unataka nota ya haraka: tatu na nusu kwa tano.

Mazuri yake nitapita mbio. Haiko kitu ya jana, ya kwanza ilitoka 2004, ni ya bule, kodi ya programu yake iko wazi, unachagua Mojarra ao MyFaces, njia mbili za kuitekeleza, na serveri ya Tomcat inatosha ukiongeza Weld kwa CDI, ile mupango ya Java ya kuunda na kuunganisha ma bean (objeti zenye zinashika data). Tablo, kalenda, dialogi, byote PrimeFaces iko nabyo tayari, na mutu mwenye hapendi JavaScript anakaa mu Java yake karibu paka mwisho.

Sasa kunyamaza kwake. Kesiere anafinya butoni Enregistrer, ekra inatikisika kidogo, basi. Metodi yako ya Java ya kuhifadhi haikuitwa, hakuna maandishi nyekundu, na log kama imesema kitu ni mustari moja ya onyo yenye hakuna mutu anasoma. Faces ikipokea fomulere inapita mu hatua sita: inarudisha ukurasa gisi ulikuwa, inakamata bile mutu aliandika, inageuza aina na kupima, inapeleka ku bean, inaita metodi yako, kisha inachora jibu. Hatua ya tatu ikikataa hata champ moja (fasi ya kujaza), Faces inaruka moja kwa moja ku ya sita. Metodi yako haitaguswa, na haiko bogi, njo gisi ilitungwa. Kwa hiyo mbele ya kusumbua metodi weka h:messages, yenye inaonyesha makosa, mu fomulere na uhakikishe AJAX (kutuma bila kufungua ukurasa nzima upya) inaichora upya nayo, juu mara mingi ujumbe uko lakini fasi yake haikuguswa, kisha weka PROJECT_STAGE ku Development, na uandike PhaseListener ndogo ya kutoa jina ya kila hatua mu log. Ukiona 3 kisha 6, tafuta validasio ao konvetisaji. Ukiona zote sita zimepita na metodi haikuitwa, angalia fomulere ndani ya fomulere, kitu HTML haikubali, ao butoni yenye rendered yake, ile ya kuionyesha ao kuificha, imegeuka false katikati ya safari.

Hesabu njo fasi Faces inatesa batu ya huku zaidi. Sisi tulisoma mu Kifaransa, mutu anaandika 12,5 na virgule. Champ ya BigDecimal (hesabu yenye desimali mu Java) yenye hukuwekea konveta, kitu ya kugeuza maandishi kuwa hesabu, inataka nukta, inakataa. Unaweka f:convertNumber na locale ya fr, virgule inapita, unafurahi, halafu anakuja yule mwenye alizoea kalkilatrise anaandika 12.5, na NumberFormat ya Java yenye iko chini yake kwa tabia inasoma paka fasi inakwama, inarudisha 12 na hailalamike hata kidogo. Nusu tani imepoteya mu karatasi ya kamyo na programu imesema sawa! Kwa uzito na feza mi naona dawa ni konveta ya kujiandikia: geuza virgule kuwa nukta, toa nafasi zote, ita new BigDecimal, ikishindwa tupa ConverterException na ujumbe ya Kifaransa yenye mutu anaelewa. Mistari kidogo tu.

Na usidanganyike na @NotNull, alama yenye inakataza null, ni kusema kukosa kitu kabisa. Champ tupu inafika sawa string tupu, haiko null, kwa hiyo inapita kabisa, paka uweke INTERPRET_EMPTY_STRING_SUBMITTED_VALUES_AS_NULL kuwa true mu web.xml. Jina ndefu sawa gari moshi ya SNCC, lakini bila yenyewe database inajaa plake tupu.

Kulinganisha champ mbili, kwa mfano uzito ya kamyo tupu haiwezi kupita ile ya kamyo na mali ndani, Faces inafanya kidogo kwa shida juu kila champ inapimwa peke yake, kufuata gisi zimepangwa mu ukurasa. Weka validata ku champ ya pili, isome getValue ya ya kwanza, na kumbuka kama ya kwanza imekataliwa haina kitu mupya ya kusoma. Toka 2017 kuko f:validateWholeBean ya kupima bean nzima, OmniFaces, maktaba ingine ya kuongeza, nayo iko na o:validateMultiple, na hiyo ya pili njo napenda, ni nyepesi.

Sasa skopu, ni kusema bean inaishi muda gani, na hapa njo nusu nota imepoteya. Bean ya @RequestScoped inakufa kila jibu likitoka. Kama liste ya mali inategemea kiliya mwenye alichaguliwa, ombi ya pili ikifika liste iko tupu, na h:selectOneMenu inalinganisha kitu kilitumwa na liste ya sasa, haikioni, inasema Value is not valid. Mutu amechagua mu liste yako mwenyewe na unamuambia amekosea! Weka bean @ViewScoped, yenye inaishi wakati mutu iko ku ukurasa ule, jaza liste mu @PostConstruct (metodi yenye inaitwa bean ikizaliwa), na kama unachagua entiti nzima, objeti ya database, andika equals na hashCode, juu konveta inaleta objeti ingine yenye data ile ile.

Lakini angalia import. Ile @ViewScoped ya zamani ya javax.faces.bean ukiiweka pamoja na @Named, CDI haiijue, inafanya bean kuwa @Dependent, maana yake kila mara ukurasa unataja bean unapata mupya. Hakuna kosa, hakuna onyo, data inapoteya tu. Ya CDI ilitoka na JSF 2.2 mu 2013, ilikuwa mu javax.faces.view, leo jakarta.faces.view, na toka Faces 4.0 ya 2022 ile package ya zamani ilitolewa kabisa, mi nasema aksanti.

Kukimbilia @SessionScoped, bean moja kwa sesio nzima ya mutu, ili data isipoteye? Hapana. Deklaran wa douane anafungua kamyo mbili mu onglet mbili na bean ni moja, anasave ya kwanza na tani ya pili. Na usifunge komponenti na binding ku bean ya sesio, hali ya ukurasa moja itaingia mu ingine, utaona mpaka kosa ya id mara mbili.

Kitu ya mwisho ni kuran ya umeme. Serveri ikizimika juu SNEL, kampani ya umeme, imekata, ao sesio ikipita wakati wake, mutu akirudi anafinya na anapata ViewExpiredException, kosa ya kusema ukurasa wake haujulikane tena. Unaweza kuhifadhi hali ku klayanti, ni kusema mu browza ya mutu, lakini sasa kila kufinya kunabeba hali ya ukurasa kwenda na kurudi, megabaiti ya mutu zinaenda, na bean ya @ViewScoped bado inakaa mu sesio ku serveri. Biro ya mujini yenye inverta na waya ya intaneti inavumilia. Kwa ba komi benye bako ku barierre ya Kasumbalesa na simu ya mukononi, mi nimewawekea ukurasa mwepesi ya JavaScript na REST, Faces haifike kule.