Programu ya kupima masafa ya ndege: kilomita safi, saa bado

Mimi hukatia watu tiketi hapa Langoni, Lamu. Kabla hata ya bei, wateja wengi huuliza ni mbali kiasi gani na ndege inachukua muda gani. Ndiyo maana programu hii ya simu, unayoandika miji miwili ikakupa masafa na muda wa kuruka, haitoki mkononi mwangu. Ni ya bure, haili bando, na mtandao ukiwa dhaifu bado inafunguka.

Kwa masafa sina neno. Lamu hadi Maskati inatoa kilomita 3,440 hivi. Nairobi hadi New York, 11,800 na ushei. Hiyo ni njia fupi kuliko zote juu ya uso wa dunia, na kwa kuwa dunia ni mviringo, kwenye ramani mstari unaonekana umepinda. Wateja hudhani ndege inazunguka bure. Huwa nachukua chungwa na uzi, nauvuta toka upande mmoja hadi wa pili, wakajionea wenyewe.

Taabu iko kwenye muda. Programu inagawa kilomita kwa mwendo uleule wa ndege, kama kilomita 800 kwa saa, kisha inaongeza nusu saa ya kupaa na kutua. Maskati ikaandika saa 4 na dakika 46. Mzee mmoja wa Matondoni, baharia wa zamani, alikuwa anakwenda kumwona mwanawe huko. Aliitazama simu, akauliza, "Hizo saa, mwanangu, ni za kwenda au za kurudi?"

"Zote sawa, mzee wangu. Ndivyo inavyoandika."

"Basi haijui upepo."

Amesema kweli kabisa. Majahazi yalipanda Maskati kwa kusi, yakarudi kwa kaskazi, na angani nako upepo una mwenyewe. Huko juu, kwenye njia ya Marekani, upepo mkali huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Kenya Airways ilipoanza kuruka moja kwa moja hadi New York, Oktoba 2018, safari ilikuwa saa kama 15 kwenda na 14 kurudi. Programu inaandika saa 15 na dakika 12 kila upande, kwenda sawa na kurudi.

Kwetu sisi wa visiwani lipo kubwa zaidi: hakuna ndege ya kutoka hapa moja kwa moja hadi Maskati. Abiria anavuka kwa boti hadi Manda, kwenye kiwanja, kisha anaruka kama kilomita 450 kuelekea magharibi, Nairobi, ilhali aendako ni kaskazini mashariki. Akitua Wilson, kiwanja kidogo cha Nairobi, kuna foleni ya magari hadi JKIA, kiwanja kikubwa cha kimataifa. Halafu mara nyingi anabadilisha ndege tena, Doha au Dubai. Kati ya hayo yote, programu haina hata moja. Mzee wangu ana sukari, kwa hiyo nilimwandikia kila kituo kwenye karatasi, na muda wa kungoja, ajue atakula wapi na dawa atameza saa ngapi.

Nawaomba wenye programu watenganishe kwenda na kurudi, na waweke nafasi ya kuongeza vituo na muda wa kungoja. Wakifanya hivyo nitawapa nyota ya tano. Kwa sasa nawapa tatu, zote za kilomita.