Uchungu au kinyongo?

Mama aliyefiwa na mwanawe ana uchungu; hana kinyongo. Uchungu huanzia kwenye ulimi, kwa shubiri na mwarobaini, ukashuka hadi moyoni: unaona uchungu, unalia, watu wanakufariji. Mjamzito naye hushikwa na uchungu. Na mwenye uchungu na nchi yake ni yule anayeipenda hadi inamuuma, wala hapo hamna chuki hata chembe. Neno pana, nalipenda sana.

Kinyongo, ndugu yake nyongo, lazima kimwelekee mtu. Jirani kasogeza mpaka wa shamba. Mnasalimiana, unatabasamu, lakini moyoni umemwekea kinyongo. Siku akiomba radhi, mwambie "sina kinyongo nawe." Ukisema "sina uchungu", hujamjibu.