Tairi za saketi zinazokurudisha nyumbani: ipi ifungwe kwenye Impreza au Toyota 86

Mwenye Impreza WRX au Toyota 86 jijini Nairobi huwa na gari moja kwa kazi zote. Siku za juma linakaa kwenye foleni ya Mombasa Road, wikendi chache kwa mwaka linakwenda kushindana na saa kwenye lami, kisha linarudi nyumbani kwa tairi zile zile. Kwa gari la namna hiyo tunapendekeza Hankook Ventus RS4 au Yokohama Advan Neova AD09. Sababu zetu ziko hapa chini, pamoja na vipimo vya upepo na kemba (jinsi gurudumu linavyolala), kwa maana vikikosewa vitaiua tairi yoyote iliyotajwa humu, hata iwe ya bei gani.

Tuanze na namba inayowapotosha wanunuzi. Ubavuni mwa tairi nyingi kumechongwa neno TREADWEAR, yaani uchakavu wa tairi, na namba mbele yake. Namba hiyo hutokana na jaribio la Marekani: msafara wa magari huzunguka barabara za karibu na San Angelo, Texas, kwa kilomita 11,500 hivi, na uchakavu hulinganishwa na wa tairi ya kipimo. Lakini anayeandika namba ya mwisho ni mtengenezaji mwenyewe. Klabu nyingi za mashindano huko Marekani zimeweka 200 kuwa kima cha chini cha tairi za barabarani, basi watengenezaji wakaunda tairi za mbio na kuzipa 200 kamili. Ndiyo maana tairi mbili zenye 200 zinaweza kuachana mbali sana, moja ikaisha kabla nyingine haijafika nusu. Ichukulie namba hiyo kama jina la kundi, usiihesabie kilomita.

Kundi la 300 na zaidi ni la Michelin Pilot Sport 4S na Pilot Sport 5. Kwa rimu za inchi 17 za magari haya, tazama Pilot Sport 5. Kwenye mvua haina mpinzani kati ya hizi tunazozungumzia, haipigi kelele barabarani, na inadumu. Udhaifu wake ni joto. Baada ya mizunguko mitatu au minne ya nguvu mpira unalainika kupita kiasi, pua ya gari inaanza kukataa kona, na ukiendelea kulazimisha, kashata za begani, yaani vinundu vya mpira vinavyogusa lami, zinachanika vipande. Ikifika hapo, endesha mizunguko miwili ya taratibu, ipoe. Anayeanza aanzie hapa, kwa sababu kwenye kona tairi hii inalia mapema na kuachia polepole, na dereva anapata muda wa kujifunza kosa lake lilipo.

Kundi la 200 ndilo lenye mambo. Kati ya tatu tunazozitaja hapa, Bridgestone Potenza RE-71RS ndiyo yenye kasi zaidi: inapata moto ndani ya mzunguko mmoja na kushika kama gundi. Kwa shindano la mzunguko mmoja au miwili dhidi ya saa, hiyo ndiyo ya kununua. Kwa kukaa saketini dakika 20 mfululizo sivyo, maana inazidiwa na joto kuliko wenzake na inaisha haraka mno kwa gari linalokwenda kazini kila siku. RS4 ni kinyume chake. Inachelewa kupata moto, mzunguko wa kwanza unaweza kukukatisha tamaa, lakini ikishashika haibadiliki, na kwenye mashindano ya masaa mengi huko Marekani imejijengea jina kwa uvumilivu huo. AD09 iko kati yao: ubavu wake ni mgumu, usukani unajibu papo hapo, na gharama yake ni kishindo kwenye kila tuta na mvumo mkubwa barabara kuu.

Kisha kuna tairi za mbio zilizoruhusiwa barabarani. Toyo Proxes R888R ina alama 100. Michelin Pilot Sport Cup 2 huko Marekani imeandikwa 180, lakini tunaiweka kundi hili bila kusita, kwa sababu hutoka kiwandani na kina cha milimita 5.5 hivi ilhali 4S ina 7.5 hivi. Mifereji ni michache na mifupi. Fikiria asubuhi ya Julai, Nairobi ikiwa na nyuzi 12 na manyunyu, tairi hazijapata moto: breki ya ghafla nyuma ya matatu inakuwa jambo la hatari. Na mvua za Machi hadi Mei zinapotuamisha maji barabarani, gari litaelea juu ya maji kwa mwendo ambao Pilot Sport 5 ingepita bila kujua. Ukizitaka, nunua rimu za pili na uzifungie saketini. Kuzitembelea kila siku ni kuhatarisha watu wengine, na hatuwezi kulipendekeza.

Sasa vipimo. WRX nyingi za inchi 17 huvaa 215/45R17 au 225/45R17, na 86 hutoka kiwandani na 215/45R17 kwenye rimu ya upana wa inchi 7. Watu wa 86 wakitaka mpira mpana hukimbilia 225/45R17, ambayo kipenyo chake ni kikubwa kwa asilimia 1.4, na gari linakuwa zito kidogo kuondoka. Kama una rimu za inchi 8 hadi 9, tazama 245/40R17: kipenyo chake ni milimita 628 dhidi ya 625 za tairi ya kiwandani, karibu sawa kabisa. Kwenye rimu ya inchi 7 usiifunge. Ubavu utavimba nje na tairi italegalega kwenye kona.

Wenye Subaru wasome hapa mara mbili. Subaru inataka mzingo wa tairi zote nne usipishane zaidi ya robo inchi, yaani milimita 6.4. Kashata ikipungua milimita moja, mzingo unapungua milimita 6.3. Kwa maneno mengine, tairi mbili mpya pamoja na mbili zilizolika milimita mbili tayari zimevuka mpaka, na difa ya katikati, inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma, itazunguka bila kupumzika hata barabara ikiwa imenyooka. Inachemka, na ukarabati wake unapita bei ya seti nzima ya tairi. Kwa hiyo Subaru hununuliwa tairi nne, za aina moja, na kuzungushwa mbele na nyuma kila baada ya siku moja ya saketi.

Tairi mpya isipelekwe saketi ikiwa na kashata kamili. Kashata ndefu zinayumba chini ya uzito, msuguano wa ndani unaleta joto, na vipande vinang'oka kana kwamba panya wametafuna. Wamarekani huzinyoa kwa mashine kabla ya mbio. Sisi tuzitembelee kwanza barabarani kilomita 2,000 hadi 3,000. Siku ya kwanza ya saketi, kimbiza kwa nguvu za wastani dakika 10 hadi 15, kisha zipumzike hadi siku ya pili. Mpira uliopikwa hivyo mara ya kwanza hukaa sawasawa zaidi.

Kemba, yaani gurudumu kulala ndani kwa juu, ndiyo inayoamua kama utamaliza tairi au utamaliza bega lake la nje tu. Impreza na 86 zote zina shokapu za mbele za mtindo wa stratu, na gari likiinama kwenye kona, gurudumu la nje linapoteza kemba kwa wakati ule ule linapoihitaji. Kwa vipimo vya kiwandani, RE-71RS inaweza kuwa na milimita 5 katikati huku bega la nje limelika hadi nyuzi za ndani ya tairi kuonekana. Lenga digrii 2 hadi 2.5 hasi mbele, na 1.5 hadi 2 nyuma. Kwenye Impreza, boliti ya juu inayofunga shokapu kwenye kitovu cha gurudumu ni ya kurekebishia tangu kiwandani: mwambie fundi aizungushe hadi mwisho kabla hujanunua chochote. 86 utainunulia boliti za kemba. Kinachokula tairi barabarani ni too zaidi ya kemba, yaani magurudumu kuangaliana au kupeana mgongo. Mbele weka sifuri, na ukishagusa kemba pima too upya siku hiyo hiyo, kwa sababu inahama nayo.

Kuhusu upepo. Hewa ndani ya tairi ikipanda joto kwa nyuzi 10, geji inapanda psi 1.5 hivi. Tairi iliyoanza asubuhi na nyuzi 20 na kufika 60 imeongeza psi 6 au karibu. Anayejaza 36 kwa kuwa gari litakwenda mbio atajikuta na 42: katikati ya tairi inavimba, mabega hayagusi vizuri, na gari linateleza kama lami imepakwa sabuni. Hapo ndipo RS4 hulaumiwa bure.

Kwa magari haya na tairi za kundi la 200, lenga psi 33 hadi 35 zikiwa moto. Anza na 27 au 28 zikiwa baridi kabisa, gari likiwa kivulini. Usishuke chini ya 26, ubavu utajikunja na rimu itagonga lami ukipanda kingo za kona. Chukua chaki, chora mstari kutoka kwenye kashata za nje hadi ubavuni, ukipita pale penye alama ndogo ya pembetatu ambayo tairi nyingi huwa nayo begani. Endesha dakika 15, ingia, usivute breki ya mkono, na pima zote nne ndani ya dakika mbili. Punguza kila moja hadi 34. Halafu inama uangalie chaki. Ikiwa imefutika hadi ncha ya pembetatu, upepo uko sawa. Imefutika kupita hapo kuelekea ubavuni, tairi inalala. Ongeza psi moja au mbili. Ikiwa chaki bado nyeupe juu ya kashata za pembeni, upepo umezidi.

Mwenye kipimajoto cha sindano atapata habari zaidi. Choma sindano sehemu tatu: ndani, katikati, nje. Bunduki ya infraredi husoma ngozi ya juu tu, nayo inapoa gari likiwa bado linaingia. Ndani pakizidi nje kwa nyuzi 5 hadi 10, kemba yako ni nzuri. Katikati pakizidi pande zote mbili, punguza upepo. Usishangae tairi za kushoto zikiwa na joto zaidi, maana kwenye saketi inayozunguka kama saa kona nyingi ni za kulia na uzito unaangukia kushoto. Kila tairi ipewe upepo wake.

Kosa linaloleta ajali hutokea jioni. Tairi zilizopunguzwa hadi 34 zikiwa moto zitasoma 28 hivi zikishapoa, na kwa upepo huo gari lililojaa watu linapita barabara ya mlimani ya Mai Mahiu nyuma ya malori. Beba pampu ya umeme wa gari, na kabla ya kuondoka subiri zipoe, ujaze hadi kipimo cha kibandiko cha mlango wa dereva. Nati nazo zikazwe upya kwa spana ya toki, inayopima nguvu ya kukaza, rimu zikishapoa. Kwenye 86 ni Nm 120.

Bega la nje likianza kuisha, angalia aina ya kashata. Tairi yenye mshale wa mwelekeo, kama R888R, inaweza kuvuliwa kwenye rimu ya kushoto na kufungwa ya kulia: mshale unabaki kuangalia mbele, na bega lililolika linahamia ndani. RE-71RS haina nafasi hiyo, kwa kuwa ina upande ulioandikwa OUTSIDE na upande huo unakaa nje daima.

Dukani, soma tarehe kabla ya bei. Tafuta neno DOT na namba nne za mwisho: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira laini hukauka hata ukiwa rafu, na tairi ya miaka sita yenye kashata kamili haitashika kama mpya. Hili linawahusu sana wanaopokea gari kutoka Japani likiwa limevaa Neova au Potenza iliyobaki nusu. Inapendeza machoni, lakini isome tarehe, bonyeza kashata kwa ukucha, tafuta nyufa chini ya mifereji. Na tairi iliyozibwa tundu kwa kamba ibaki ya mjini, saketini hapana.

Jambo la mwisho linalosahaulika: tairi zinazoshika zaidi huisukuma oili pembeni mwa sampu, bakuli la oili chini ya injini, kwenye kona ndefu, na injini za EJ za Subaru zinajulikana kwa kukosa oili hapo. Kabla ya kila safari ya saketi, kijiti cha oili kisome alama ya juu kabisa.