Rola ya nyasi ya injini ya bajaji niliyoundia gereji ya nyumbani Ilazo, baada ya msimu mmoja wa mvua

Mbukwenyi wadau. Nina kieneo changu cha shughuli huku Iyumbu, Dodoma, sendofu, vikao vya harusi, mambo madogo madogo hayo, nyasi ni pasipalamu na pembeni ukoka, na shida yangu ya miaka yote ni visigino vya kina mama. Mtu anatoka kwenda kutunza bibi harusi, katikati ya safari kiatu kinabaki ardhini yeye anaendelea peku. Udongo wetu huu wa kichanga ukishanyeshewa unalainika, mashimo kibao. Nikasema basi natengeneza rola ya kushindilia na kusawazisha ardhi, gereji ninayo, mashine ya kuchomelea ninayo, kwanini nisumbuke.

Kwanza nianze na karakana niliyoipa kazi ya dramu, lile duara zito linalobingirika juu ya nyasi, maana hapo ndo niliumia, jina siweki. Walinichomelea pipa la lita 200 wakapitisha shafti katikati wakanipa na tabasamu. Tena huyo kijana alitaka kuanza kuchoma pipa likiwa bado linanuka dizeli, nikamwambia mdogo wangu simama, hiyo mvuke iliyobaki humo ikipata cheche inalipuka kama bomu, kaliosheni kwanza. Akanuna ila aliliosha. Lakini kosa kubwa lilikuwa langu pia, sikufikiria kwamba pipa lina yale mapete mawili yaliyovimba katikati na ukingo wa ncha pande zote mbili. Kuliburuza mara ya kwanza nyasi zikabaki na mistari kama reli ya SGR, na kila nikikata kona ukingo unachimba kama jembe. Juu ya hapo shafti haikukaa katikati, dramu linatembea kama mlevi, linapanda linashuka. Nimerudi kulalamika naambiwa "bosi itazoea tu". Chuma kizoee nini sasa??

Nikaachana nao. Kwa watu wa chuma chakavu nikapata kipande cha bomba nene, upana wa mdomo sentimita 60, unene milimita 6, nikakikata viwili, kila kimoja sentimita 45. Nikampelekea mzee mmoja anayekereza vyuma, na huyu ndo nampa nyota zote tano, mzee haongei. Aliweka dramu kwenye beringi mbili, akashika kipande cha chaki akakisogeza taratibu huku dramu linazunguka, chaki ikigusa upande mmoja tu maana yake huo ndo umetokeza, analegeza, anagonga kidogo, anafuta mstari kwa kiganja, anarudia. Alifanya hivyo sijui mara ngapi, mpaka chaki ikachora duara zima bila kukatika. Ndipo akachomelea, tena kwa vidonda vidogo vidogo vya kupishana ili moto usivute chuma upande mmoja. Nilikaa kwenye ndoo nikiangalia tu.

Injini watu wote wananiuliza kwanini bajaji na sio pikipiki. Kwanza bajaji ina rivasi, rola bila rivasi ukifika ukutani unafanyaje? Pili injini yake ina feni yake ya kupoza, ya pikipiki inategemea upepo wa mwendo na rola haina mwendo wowote, utaichemsha. Tatu ina difu tayari, kwahiyo kila dramu linavutwa kivyake, ukikata kona la nje linazunguka haraka la ndani polepole, nyasi hazichuniki. Ndo maana nilikata bomba viwili. Ila mwanzoni hata kwa gia namba moja ilikuwa inakimbia, naifukuzia kama ng'ombe aliyekata kamba, ikabidi niongeze cheni kila upande, spoketi ndogo meno 14 kubwa meno 42, mwendo ukashuka mara tatu. Sasa unatembea nayo kama unaenda kanisani.

Uzito ni maji. Yakijaa madramu yote mawili ni kama kilo 250, achilia mbali chuma chenyewe, na ukimaliza unafungua plagi unamwagilia miche. Hapo zamani nilikuwa nalipa vijana wanne wasukume rola la mkono na saa nne wote wako kwenye kivuli.

Matumizi sasa. Dodoma mvua ni Desemba mpaka Aprili basi, ikifika Juni ardhi imekuwa sementi, ukipitisha rola unapoteza petroli. Mimi namwagilia jioni, asubuhi nakanyaga kwanza kwa kiatu, udongo ukinata kwenye soli nasubiri, usiponata nawasha. Ukipitisha kwenye tope unaua nyasi, udongo unabana mizizi haipumui. Na kichuguu rola haikitoi, hicho chimba, jazia mchanga, ndo upitishe.

Ubaya wake upo. Cheni ziko nje kwahiyo haifiki ukutani, inaacha kama sentimita 15. Udongo unaganda kwenye dramu mpaka nilipoweka flatiba, chuma bapa, ya kukwangua. Breki ni dhaifu, kwenye mteremko siwezi kumwachia mtu mwingine, na swichi ya kuzima nimeifunga kwa kamba kiunoni, nikianguka inazima yenyewe. Kelele ndo usiseme, mtoto wa jirani akisikia anatoka mbio na begi anadhani bajaji ya shule imefika.

Visigino vimepungua kuzama, sendofu ya mwisho kilibaki kimoja tu na kile mwenyewe alikanyaga kwenye bomba la maji. Lile pipa la kwanza nimelikata juu linakinga maji ya bati nyuma ya jiko, shafti bado iko katikati, kila mgeni anauliza ni ya nini.